Maswali ya Wasomaji: Sumaku Zinazokwama Njiapanda

Katika toleo lililopita tulitaja kwa sentensi mbili tu nyavu za chuma ambazo nyaya zake ni nyembamba kuliko unywele mara 800 hivi. Wanafizikia huziita barafu bandia ya spini, spini ikiwa ni usumaku mdogo wa atomi. Barua zimeingia nyingi, nyingine zikiwa na michoro, na maswali yake ni ya watu waliokwisha kufikiri. Safu yote ya leo ni ya nyavu hizo.

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Gulu. Nafundisha fizikia S5 na S6. Wanafunzi wameniuliza barafu inaingiaje kwenye habari za sumaku, na kama nyavu hizo lazima ziwekwe kwenye baridi kali. Nisaidieni nipate cha kuandika ubaoni. (Mwalimu, Gulu)

JIBU: Mwalimu, baridi haihitajiki. Nyavu hizi huchunguzwa kwenye joto la kawaida la chumba. Jina limetoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe inatosha kipindi kizima.

Anza na barafu ya maji. Kila atomi ya oksijeni imezungukwa na hidrojeni nne: mbili zimesogea karibu nayo, mbili zimesogea upande wa majirani. Kanuni hiyo ilielezwa na wanafizikia Bernal na Fowler mwaka 1933. Miaka miwili baadaye mwanakemia Linus Pauling akajiuliza: hidrojeni zote zinaweza kupangwa kwa njia ngapi bila kuivunja? Kila hidrojeni ina nafasi mbili, na kila molekuli ya maji ina hidrojeni mbili, hivyo tunapata 2 × 2 = 4 kwa kila molekuli. Lakini kati ya mipangilio 16 inayowezekana kuzunguka oksijeni moja, ni 6 tu inayotii "mbili ndani, mbili nje". Zidisha 4 kwa 6/16, unapata 3/2. Kwa hiyo barafu haipati mpangilio mmoja wa kutulia hata ikipozwa kiasi gani, na entropia (kipimo cha mvurugiko) inayobaki ni R ln 1.5, R ikiwa namba thabiti ya gesi, yaani jouli 3.37 kwa kelvini kwa moli. Giauque na Stout walipoipima mwaka 1936 walipata karibu namba ileile.

Mwaka 1997 ilionekana kwamba fuwele ya holmiamu titaneti inafanya jambo hilohilo kwa sumaku za atomi zake, ila hiyo kweli inahitaji baridi ya kelvini chache tu. Ndipo mwaka 2006 kikundi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kikatengeneza barafu hiyo kwa mkono, tuseme hivyo: visiwa vya aloi ya nikeli na chuma, kila kimoja kikiwa na urefu wa nanomita 220 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), upana 80 na unene 25, vimepangwa ili ncha nne zikutane kwenye kila njiapanda. Kila kisiwa ni sumaku nzima yenye mielekeo miwili tu, huku au kule.

Sasa wape wanafunzi kazi. Wachore njiapanda ya visiwa vinne na mipangilio yote 16. Watakuta makundi manne. Katika mipangilio 2, mishale miwili inayotazamana inaingia na mingine miwili inatoka. Katika mipangilio 4, mishale miwili iliyo jirani inaingia. Mipangilio 8 ni ya tatu kwa moja, na 2 ya mwisho ni ya nne zote ndani au nne zote nje. Sumaku zingechagua mwelekeo kwa bahati nasibu, kanuni ya barafu ingefuatwa kwenye asilimia 37.5 ya njiapanda. Visiwa vilipokaribiana hadi nanomita 320 kutoka kati hadi kati, njiapanda zilizoifuata zilizidi sana kiwango hicho. Vilipotengwa kwa nanomita 880, hesabu ilirudi karibu na bahati nasibu. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi kwamba visiwa vinasikilizana.

Tahadhari moja, maana mwanafunzi makini ataiona. Kwenye wavu wa miraba ncha mbili za jirani ziko karibu kuliko ncha mbili zinazotazamana, kwa hiyo kundi la kwanza lina nishati ndogo kuliko la pili na wavu una mpangilio mmoja unaoupenda. Si barafu kamili. Mchoro wa sega la nyuki hauna kasoro hiyo: ncha tatu zinakutana kwa umbali ulio sawa, mipangilio ni 8, na 6 kati yake ni ya mbili kwa moja. Ncha ya kaskazini hutaka kusini ikae kando yake. Zikikutana tatu, wawili wakipatana, wa tatu lazima afanane na mmojawapo. Hakuna namna ya kuwaridhisha wote, na hapo ndipo mada yote ilipo.

SWALI: Mimi nachomelea vyuma Katwe. Nikikata bati kwa umbo la sega la nyuki, kwa nini lisifanye kazi ileile? Na kwa nini wanachagua nikeli na chuma? (Fundi, Kampala)

JIBU: Fundi, bati lako limegawanyika ndani kwa ndani kuwa vikoa vingi, kila kimoja na mwelekeo wake wa sumaku, ili chuma kisipoteze nishati kwa kumwaga uga wa sumaku nje. Umbo ulilolikata halina usemi mkubwa juu ya vikoa hivyo. Ukipunguza waya hadi upana wa nanomita 100 na unene wa 10 au 20, kujenga mipaka kati ya vikoa kunagharimu nishati kuliko kuiacha sumaku iwe moja. Waya mzima unageuka kikoa kimoja kilicholala kwa urefu wake. Kuanzia hapo, anayechora umbo ndiye anayeamua tabia ya sumaku.

Aloi inayopendwa ni pamaloi: nikeli asilimia 80 na chuma 20 hivi, aliyoigundua Gustav Elmen huko Marekani mwaka 1914. Sifa yake ni kwamba fuwele zake karibu hazina mwelekeo zinaoupendelea, na haijikunji wala kujinyoosha inaposumakishwa. Kila upendeleo unaouona unatoka kwenye umbo. Kobalti nayo hutumika. Ina sumaku yenye nguvu zaidi, kama ampea 1,400,000 kwa mita dhidi ya 800,000 za pamaloi, hivyo picha zake zinaonekana wazi zaidi, lakini chembe zake zina upendeleo wao unaochanganya hesabu. Kobalti si ngeni kwetu: huko Kasese iliwahi kutolewa kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe kwa kutumia bakteria. Kwa anayeanza, tunashauri pamaloi.

SWALI: Nafanya mradi wa mwaka wa tatu kwa mumax3, programu inayoiga sumaku kwenye kompyuta. Wavu wangu ni sega la nyuki la pamaloi: nyaya nm 500 kwa 100, unene nm 10, vijisanduku vya nm 10 kila upande, uga uko sawasawa kwenye mhimili wa x. Kwanza, nikizungusha uga nyuzi 60 nilitarajia jibu lilelile, lakini nyaya za mshazari zinapinduka kwenye uga mwingine. Pili, nyaya zote za mwelekeo mmoja zinapinduka kwa mpigo mmoja. Tatu, umeme ukikatika naanza upya. (Mwanafunzi, Kyambogo)

JIBU: Jaribio lako la kuzungusha uga nyuzi 60 ni zuri mno, na tungependa kila mtu alifanye kabla ya kuamini tokeo lolote la sega la nyuki. Umbo likizungushwa nyuzi 60 linarudi kuwa lilelile, kwa hiyo jibu lazima lirudi lilelile. Lisiporudi, kosa ni la gridi.

Programu inagawa chuma kwa vijisanduku vya mraba. Waya wa mlalo unapata kingo zilizonyooka. Waya wa mshazari unapata kingo za ngazi, na kila kipandio cha ngazi kinazalisha uga wake mdogo ambao kwenye chuma halisi haupo. Vijisanduku vyako vimezidisha tatizo kwa sababu ni vikubwa. Kwa pamaloi, umbali ambao atomi jirani zinalazimishana kuelekea upande mmoja ni kama nanomita 5.7 (chukua Ms, yaani nguvu ya usumaku uliojaa, ya ampea 800,000 kwa mita na A, yaani nguvu ya kulazimishana huko, ya jouli 1.3 × 10⁻¹¹ kwa mita, ukokotoe mwenyewe). Kijisanduku kisizidi hapo. Tumia 4 × 4 × 5. Gridi ya 512 × 512 × 2 inakupa eneo la nanomita 2,048 kila upande, vijisanduku 524,288. Namba hiyo 512 si ya mapambo: programu inafanya kazi haraka zaidi idadi ikiwa kipeo cha mbili. Halafu weka EdgeSmooth = 8 kabla ya amri ya kuweka umbo, ili vijisanduku vya ukingoni vihesabiwe kwa sehemu yake iliyojaa chuma. Rudia zamu ya nyuzi 60. Tofauti itapungua sana, na hiyo itakayobaki ndiyo uiandike kwenye ripoti kama kiwango chako cha kosa.

Uga usiuweke sawasawa kwenye mhimili. Ukiwa na ulinganifu kamili, sumaku inasimama kama mwiko uliosimamishwa kwa ncha: haina sababu ya kuangukia kulia wala kushoto, na programu inangoja hadi uga uwe mkubwa kupita kiasi. Upindishe nyuzi 1 au 2.

Kuhusu mpigo mmoja: nyaya zako ni mapacha kamili, na joto kwenye hesabu yako ni sifuri. Nyaya za maabara zina kingo zilizokwaruzika, na kila mmoja unapinduka kwenye uga wake. Gawa wavu kwa maeneo (mumax3 inaruhusu 256) na uipe kila sehemu Ms inayotofautiana kwa asilimia 5 hivi kwa bahati nasibu. Utaona upinduaji ukianza mahali pamoja na kutiririka kama mnyororo. Mnyororo huo ndio watu wanaoupima. Na usishangae uga wako wa kupinduka ukizidi ule wa maabara. Bila joto na bila kasoro za kingo, lazima uzidi.

Angalia pia nyaya zilizokatwa kwenye mpaka wa gridi. Ncha iliyokatwa ghafla ni ncha ya sumaku iliyo wazi, na ukuta unaotenganisha vikoa unaweza kuzukia hapo kabla ya wakati wake. Ama tumia mipaka inayojirudia, ama soma njiapanda za katikati peke yake.

Kwa kitanzi cha histeresisi (mchoro wa usumaku uga ukipandishwa na kushushwa) weka alfa, kipimo cha jinsi mitikisiko ya sumaku inavyofifia, 0.5, au tumia amri ya minimize, ukiacha 0.01 utangoja mitikisiko itulie bila faida. Lakini ukitaka kujua ukuta unachagua njia gani ukifika njiapandani, rudisha 0.01, kwa sababu alfa kubwa inabadili njia yenyewe. Panda kwa hatua za militesla 5 mbali na upinduaji, na militesla 1 karibu nao.

Umeme: andika save(m) baada ya kila hatua ya uga. Ukikatika, pakia faili la mwisho kwa m.LoadFile na uendelee kutoka hapo. Unapoteza hatua moja, si siku mbili. Asiye na kadi ya grafiki ya Nvidia atumie OOMMF, programu ya namna hiyohiyo ya taasisi ya vipimo ya NIST ya Marekani, inayokwenda kwenye kompyuta yoyote. Ni ya polepole, lakini kwa wavu wa njiapanda tano au sita inatosha kabisa.

SWALI: Nimesikia kwamba ndani ya nyavu hizo wamepata ncha ya kaskazini iliyo peke yake bila kusini. Shuleni tulifundishwa kwamba haiwezekani. (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ulichofundishwa bado ni kweli. Kilichopatikana ni kasoro ya njiapanda inayotenda kama ncha pweke.

Chukua sega la nyuki. Njiapanda ya mbili ndani na moja nje ina ziada ya ncha moja, tuiite +1. Ya moja ndani na mbili nje ni −1. Waya mmoja ukipinduka, ukuta mdogo unasafiri ndani yake umebeba ziada ya 2, na njiapanda unayoifikia inabadilika kutoka −1 kuwa +1. Kwa mbali unaona ziada mbili za alama tofauti zikiachana, na nyuma yake mstari wa nyaya zilizopinduka unaoziunganisha. Mstari huo ndio dawa ya fumbo: ukihesabu uga wote pamoja na ule ulio ndani ya chuma, hakuna unakoanzia wala unakoishia. Wazo la kuzitazama kasoro za barafu ya spini kwa namna hiyo lilitolewa na Castelnovo, Moessner na Sondhi mwaka 2008. Mwaka 2010 kikundi cha Imperial College, London, kilizipiga picha kwenye sega la kobalti, na mwaka 2011 kikundi cha Uswisi kikaonyesha na mistari yake.

Neno "monopoli" lisikutishe, lakini usilitumie bila kueleza. Ni jina la ziada ndani ya wavu, na nje ya wavu halina maana.

SWALI: Nimepata nafasi ya majuma matatu kwenye maabara ya nje yenye mashine ya kuchora kwa miale ya elektroni. Nataka nirudi Makerere na sampuli inayopimika. Nijiandae na nini, na wapi watu huharibu? (Mwanafunzi wa uzamili, Kampala)

JIBU: Majuma matatu yanatosha ukifika na mchoro tayari. Yanaisha upesi ukianza kuchora ukiwa huko. Tunaeleza njia ya kawaida, kwa metali ya nanomita 20.

Kipande cha silikoni kisafishwe kwa asetoni, kisha isopropanoli, kisha kikaushwe kwa nitrojeni na kuwekwa kwenye jiko la bamba la nyuzi 180 kwa dakika 5 ili unyevu utoke. Unyevu ni adui mkubwa kuliko vumbi, maana utando unaachia kingo baadaye na hutajua kwa nini. Paka utando wa plastiki uitwao PMMA kwa kuzungusha mizunguko 4,000 kwa dakika, sekunde 45, ukilenga unene wa nanomita 70 hadi 100. Sheria ni utando uwe mnene angalau mara tatu ya metali. Ukiweza, weka tabaka mbili: ya chini yenye molekuli fupi, ya juu yenye molekuli ndefu. Ile ya chini itayeyuka zaidi na kuacha pango dogo chini ya ukingo. Oka nyuzi 180 kwa sekunde 90 kila tabaka.

Siku yako ya kwanza ya kuchora usichore wavu mkubwa. Chora wavu uleule mdogo mara kumi na tano kwa dozi tofauti, kuanzia mikrokulombi 150 hadi 450 kwa sentimita ya mraba ikiwa mashine ni ya kilovolti 30. Ikiwa ni ya 100, zidisha kwa tatu hivi. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa haraka tu. Dozi iliyomfaa mwenzako mwezi uliopita haikuhusu. Na tazama njiapanda zenyewe: zinapata elektroni za ziada zinazoruka kutoka nyaya tatu za jirani, kwa hiyo huvimba. Njiapanda iliyovimba hushika ukuta wa kikoa na kubadilisha fizikia unayoitafuta. Punguza dozi hapo kwa asilimia 10 au zaidi, au chora kijipembetatu kitupu kwenye kila pembe.

Osha kwa mchanganyiko wa methili isobutili ketoni sehemu 1 na isopropanoli sehemu 3, sekunde 60, kisha isopropanoli tupu sekunde 30. Chupa ikae kwenye beseni la maji ya nyuzi 20. Chumba cha nyuzi 27 huosha haraka zaidi, na nyaya zako zitanenepa siku ya joto na kukonda siku ya mvua.

Metali iwekwe kwa kuvukizwa, isiwe kwa kunyunyiziwa na plazima. Mvuke unashuka wima. Mnyunyizo unapanda hadi kwenye kuta za utando na kuacha masikio ya chuma yaliyosimama kwenye kila ukingo. Ombwe liwe chini ya milibari 10⁻⁶ na kasi iwe nanomita 0.05 hadi 0.1 kwa sekunde, kwa sababu joto la kasi kubwa linaunguza PMMA na haitavulika tena. Weka titani nanomita 2 ili metali ishike, halafu pamaloi 20, halafu alumini 2 au 3 ya kufunika. Ukisahau alumini, uso wa pamaloi utaoza kwa oksijeni, na kwenye waya mwembamba hivyo hasara ya nanomita mbili si ndogo.

Kuvua utando: asetoni ya nyuzi 45 hivi, chombo kimefunikwa, saa kadhaa au usiku mzima. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56, basi kaa chini yake na mbali na moto. Malizia kwa ultrasoniki sekunde 10 hadi 30. Kamwe usitoe sampuli ikauke kabla ya kumaliza: vipande vya chuma vikigusa silikoni kavu havitoki tena, na kazi ya juma zima imekwisha.

Chora sampuli mbili zilizo sawa. Moja ipigwe picha kwa hadubini ya elektroni, nyingine ipimwe sumaku, kwa sababu miale ya elektroni inaacha ukoko wa kaboni. Kwa hadubini ya nguvu za sumaku chagua sindano yenye sumaku hafifu na uiinue nanomita 50 juu ya uso. Utaona nukta nyeupe na nyeusi kwenye ncha. Pitia eneo lilelile mara mbili, mara ya pili ukitoka upande wa pili. Nukta zikibadilika, sindano inazipindua na picha zako hazina thamani, inua zaidi.

Jambo la mwisho ni kutikisa, yaani kuzipa sumaku nafasi ya kujipanga upya. Kisiwa cha unene wa nanomita 20 au 25 kina nguvu ya sumaku ya makumi ya mamilioni ya atomi, na kizuizi cha kupinduka kinacholingana na joto kubwa mno. Joto la chumba, kelvini 300, haliwezi kitu. Lazima uzungushe sampuli kwa kasi, kama mizunguko 1,000 kwa dakika, ndani ya uga unaopungua kwa hatua ndogo huku ukibadili alama kila hatua, kuanzia juu ya ule unaopindua visiwa vyote. Wengine hupasha hadi karibu na joto ambalo pamaloi inapoteza usumaku, lakini hapo msingi uwe silikoni naitraidi, la sivyo metali itazama ndani ya silikoni. Njia ya tatu ni wembamba: kizuizi hupungua takriban kwa mraba wa unene, hivyo kisiwa cha nanomita 3 kina kizuizi kidogo mara 70 hivi kuliko cha 25, na kinaweza kupinduka chenyewe mbele ya macho yako.

SWALI: Nyavu hizi zina faida gani mtaani? (Msomaji, Masaka)

JIBU: Kwa sasa hakuna kifaa dukani kinachotumia nyavu hizi. Zinachunguzwa kwa ajili ya kompyuta zinazohesabu kwa sumaku badala ya mkondo wa umeme, lakini faida yake kubwa leo ni kwamba zinaruhusu kuona kwa jicho la hadubini, sumaku moja moja, kile ambacho kwenye fuwele kinaonekana kwa wastani tu. Tunaona hiyo ni sababu ya kutosha.

SWALI: Shule yetu haina maabara ya maana. Naweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa vitu vya sokoni? (Mwalimu, Arua)

JIBU: Unaweza, Mwalimu, na ninyi wa West Nile mnaolijua sega la nyuki vizuri mtaanza mkiwa mbele.

Chora kwenye ubao wa plaiwudi seli saba za sega, moja katikati na sita kuizunguka, kila ubavu sentimita 5. Utapata mbavu 30 na njiapanda 24. Kati ya hizo, 12 ni za mbavu tatu, na ndizo utakazohesabu. Katikati ya kila ubavu toboa tundu na usimamishe kipande cha waya wa shaba, ule mgumu wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5, kirefu sentimita 2.5, kilichochongwa ncha kwa tupa. Usitumie msumari wala pini ya chuma. Itavuta sindano na kuharibu yote.

Sindano ziwe 30, za sentimita 4. Urefu huo si wa kubahatisha: vitovu viwili vya jirani vimeachana sentimita 4.3, hivyo sindano ya 4 inazunguka bila kugonga jirani, na ya 4.5 itagonga. Gundisha kila sindano juu ya nusu ya kifungo cha kubana cha shaba, ukikijaribu kwanza kwa sumaku ili kisivutwe. Kifungo ndicho kikombe kitakachokalia ncha ya waya. Isumakishe kwa sumaku ya spika: mara 30, upande uleule, ukiinua mkono kila ukirudi. Kisha ijaribu: iweke mashariki mwa dira, imeielekea, ncha yake ya karibu ikiwa sentimita 5, usome dira inapinda nyuzi ngapi. Sindano inayotofautiana na wenzake kwa zaidi ya robo irudie kusumakishwa.

Paka rangi ya kucha nyekundu kwenye ncha ya kaskazini. Rangi hiyo ina kazi ya pili. Uganda iko kusini mwa ikweta ya sumaku, hivyo ncha ya kusini ya sindano huinama kidogo. Tone la ziada upande mwekundu linaisawazisha. Uga wa dunia usikutie wasiwasi mwingine. Ni kama mikrotesla 33, wakati ncha ya sindano iliyosumakishwa vizuri inatoa mamia ya mikrotesla kwa jirani aliye umbali wa milimita 9.

Kabla ya kugusa ubao, wanafunzi warushe sarafu mara 30 na kuchora mishale kwenye karatasi ya mchoro uleule. Njiapanda zenye tatu ndani au tatu nje zitakuwa robo kwa wastani, kama 3 kati ya 12. Kisha weka ubao juu ya kigoda kinachozunguka, shika sumaku ya spika sentimita 20 kutoka ukingo, zungusha ubao polepole na urudi nyuma hadi mita moja na nusu kwa muda wa dakika moja. Usisogee karibu kuliko sentimita 15, utazisumakisha upya sindano. Hesabuni. Ukikuta hata moja yenye nyekundu tatu, igonge plaiwudi kidogo kwa kidole: mara nyingi ni msuguano wa ncha ya waya iliyochongwa vibaya, na tupa itaimaliza.

Halafu mwanafunzi mmoja alazimishe kwa mkono nyekundu tatu zikutane, na aachie. Sindano moja itaruka kugeuka, na tatizo litahamia njiapanda ya jirani, pengine na ya tatu, hadi litokee ukingoni mwa ubao. Rudieni mara kumi na mwandike lilitokea upande gani.